Elimu ya Mtoto Mwenye Ulemavu katika Shule za Umma: Mwongozo kwa Familia na Jumuiya za Kinondoni na Temeke

Katika parokia za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, zimo familia zenye mtoto asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kutembea, mwenye ualbino, mwenye usonji au mwenye ulemavu wa akili. Baadhi ya watoto hao wanasoma. Wengine wamebaki nyumbani. Mara nyingi si kwa sababu wazazi wao hawawapendi, bali kwa sababu hakuna aliyewaonesha mlango wa kubisha, au kwa sababu waliubisha mara moja wakakatishwa tamaa.

Makala hii inaeleza maana ya elimu maalumu na elimu jumuishi, historia yake nchini, haki ambazo sheria inampa mtoto, namna ya kumwandikisha katika shule ya umma, vikwazo vinavyozikabili familia za pembezoni mwa jiji, na wajibu wetu sisi waamini katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo.

Maana ya elimu maalumu na elimu jumuishi

Elimu maalumu ni elimu inayotolewa kwa mbinu, vifaa na walimu waliotayarishwa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye hali yake ya mwili, akili, milango ya fahamu au mawasiliano haimruhusu kufaidi masomo yakitolewa kwa namna ya kawaida. Elimu jumuishi ni mpango wa kumpokea mwanafunzi huyo katika shule ileile wanayosoma ndugu na majirani zake, na kuirekebisha shule hiyo ili imfae. Kwa ufupi, katika mpango wa kwanza mtoto hupelekwa penye msaada. Katika mpango wa pili msaada hupelekwa alipo mtoto.

Shule za umma nchini zina mipango mitatu. Upo mpango wa shule maalumu, inayopokea wanafunzi wenye aina fulani ya ulemavu, mara nyingine ikiwa na bweni. Upo mpango wa kitengo, yaani darasa au madarasa maalumu ndani ya shule ya kawaida, ambako wanafunzi hufundishwa na walimu wao lakini hucheza, hula na kukusanyika na wenzao wote. Na upo mpango wa mwanafunzi kukaa katika darasa la kawaida, akisaidiwa kwa vifaa na kwa uangalifu wa mwalimu.

Hakuna mpango ulio bora kwa kila mtoto. Mtoto kiziwi akiketishwa peke yake katika darasa lenye wanafunzi wengi wanaosikia, bila mwalimu anayejua Lugha ya Alama, yumo darasani kwa mwili tu. Kinyume chake, mtoto mwenye ulemavu wa miguu ambaye akili yake ni timamu hana sababu ya kutenganishwa na familia yake na kupelekwa bweni la mbali. Anachohitaji ni njia ya mteremko badala ya ngazi, choo anachoweza kukitumia na meza inayolingana na kiti mwendo chake. Swali la mzazi lisiwe tu kama shule ni maalumu au ya kawaida, bali kama katika shule ile mtoto wake atajifunza na atapendwa.

Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba watu wote, wa kila taifa, hali na umri, wana haki ya kupata elimu kwa kuwa wana hadhi ya utu. Tamko hilohilo linataja miongoni mwa shule zinazostahili kutunzwa na Kanisa zile za wanaohitaji uangalizi wa pekee kutokana na kasoro za kimaumbile. Mwaka 2020, Baba Mtakatifu Fransisko katika Waraka wa Fratelli Tutti aliwakumbusha waamini kwamba wapo watu wenye ulemavu wanaoishi kama wageni na wakimbizi ndani ya jamii yao wenyewe. Tamko la Dignitas Infinita la mwaka 2024 nalo linafundisha kuwa hadhi ya mtu haipimwi kwa uwezo wake.

Injili inatuonesha njia. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe (Yn 9:1-3). Hata leo swali hilo linaulizwa mitaani kwetu kwa maneno mengine: familia ilikosea nini, nani amewaroga, mama alifanya nini akiwa mjamzito. Mkristo anayeuliza hivyo anarudia kosa ambalo Bwana amekwisha kulisahihisha.

Mwinjili Marko anasimulia namna Yesu alivyompokea mtu kiziwi mwenye utasi. Alimtenga na umati, akamgusa masikio na ulimi, akatazama juu mbinguni (Mk 7:31-37). Alizungumza naye kwanza kwa ishara alizoweza kuziona na kuzihisi. Na yule mwenye kupooza alifikishwa mbele ya Bwana na watu wanne waliofumua dari baada ya kukuta mlango hauna nafasi (Mk 2:1-12). Tukio hilo ni funzo kwa kila kamati ya ujenzi: palipo na nia, jengo hubadilishwa kwa ajili ya mtu.

Makanisa yalitangulia

Elimu ya watu wenye ulemavu nchini ilianzishwa na makanisa kabla Serikali haijaichukua kuwa jukumu lake. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilianzisha Tabora taasisi ya kuwafundisha viziwi. Mwaka 1967 Jeshi la Wokovu lilianza kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa viungo hapa Dar es Salaam. Shule yake ya Matumaini iko Mgulani, Temeke, katika Barabara ya Kilwa. Shule ya viziwi ya Buguruni ilifuata mwaka 1974.

Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misheni zilikabidhiwa kwa Serikali. Mfano ulio karibu nasi ni Pugu. Pale palikuwa Chuo cha Mtakatifu Fransisko cha wamisionari Wakatoliki, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili ajitoe katika siasa. Leo Pugu ni sekondari ya Serikali, nayo hupokea pia wanafunzi wasioona.

Tangu mwaka 1992, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, imeratibu ushirikiano wa makanisa na Serikali katika elimu na afya. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kilichoko Tabora, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, huandaa walimu wa elimu maalumu, kama kifanyavyo Chuo cha Ualimu cha Serikali cha Patandi, mkoani Arusha.

Haki za mtoto kisheria

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Mtoto, Namba 21, inayomwekea mzazi wajibu wa kumpatia mtoto elimu na kukataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayotambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wengine katika mazingira jumuishi. Sheria hiyo imeweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi ya umma kuanzia mwaka 2016. Kwa hiyo mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumkatalia mtoto kwa sababu tu ana ulemavu, wala kwa sababu mzazi hana fedha. Anaweza kueleza kwamba shule yake haina mwalimu wa Lugha ya Alama au mashine ya nukta nundu, na maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli. Lakini hapo wajibu wake ni kuielekeza familia kwa Afisa Elimu anayehusika. Kuifungia mlango si haki yake.

Shule zilizopo jijini

Katikati ya jiji, upande wa Ilala, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko inafahamika kwa kupokea watoto wasioona pamoja na wenye ulemavu mwingine. Shule ya Buguruni Viziwi nayo iko Ilala. Shule ya Sinza Maalumu inawahudumia watoto wenye ulemavu wa akili. Eneo lake lilikuwa Kinondoni kabla ya kuanzishwa kwa Manispaa ya Ubungo. Temeke ina shule ya Matumaini iliyotajwa juu. Katika ngazi ya sekondari, pamoja na Pugu, Sekondari ya Wasichana ya Jangwani hupokea wanafunzi wenye ulemavu. Vipo pia vitengo ndani ya shule za msingi za kawaida katika manispaa zetu; orodha ya vitengo hivyo hupatikana katika ofisi ya elimu ya manispaa.

Msomaji ataona kwamba nyingi ya shule zilizotajwa ziko mbali na Bunju na mbali na Chamazi. Kwa familia nyingi ugumu mkubwa uko hapo, kama itakavyoelezwa mbele.

Mahitaji ya kila mtoto

*Asiyeona na mwenye uoni hafifu.* Asiyeona husoma kwa nukta nundu, maandishi ya nukta sita yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, Mkatoliki aliyekuwa mpiga kinanda kanisani, akayachapisha mwaka 1829. Anahitaji mashine ya kuandikia, vitabu na mafunzo ya kutembea kwa fimbo nyeupe. Mwenye uoni hafifu huhitaji maandishi makubwa, miwani au lenzi ya kukuzia, na kuketi karibu na ubao.

*Kiziwi.* Lugha yake ni Lugha ya Alama, nayo ni lugha kamili yenye kanuni zake. Mtoto akicheleweshewa lugha hadi umri wa miaka saba au minane, anaingia shuleni bila lugha yoyote, na pengo hilo huwa gumu kuzibika. Kwa hiyo familia nzima ijifunze alama mapema. Wapo watoto wanaosaidiwa na shimesikio, lakini kifaa hicho hakimfai kila mmoja.

*Mwenye ulemavu wa akili.* Hujifunza polepole, kwa vitendo na kwa kurudia. Kuvaa, kujisafisha, kuhesabu fedha, kupika na kulima bustani ni masomo kamili kwake.

*Mwenye usonji.* Huhitaji utulivu, ratiba isiyobadilika ghafla, na mwalimu anayeelewa kwamba ukimya wake au kelele zake si utovu wa adabu. Kumchapa hakumsaidii.

*Mwenye mtindio wa ubongo au ulemavu wa viungo.* Wengi wana akili timamu ingawa hawazungumzi vizuri au hawawezi kushika kalamu. Kosa kubwa ni kupima akili ya mtoto kwa ulimi wake.

*Mwenye ualbino.* Ulemavu wake darasani ni wa macho kuliko wa ngozi, maana wengi wana uoni hafifu. Aruhusiwe kusogea karibu na ubao, avae kofia pana na mikono mirefu, na apakwe mafuta ya kukinga jua. Asipangiwe kazi za juani mchana.

Mitihani nayo ina utaratibu wake. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na huwapa muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mzazi ahakikishe mapema kwamba shule imemsajili mtoto wake kwa hali yake halisi. Mtoto aliyesajiliwa kama wengine wote ataletewa karatasi ya kawaida siku ya mtihani.

Hatua za kumwandikisha mtoto

1. *Tambua mapema.* Mtoto asiyegeuka anaposikia sauti, asiyefuata mwanga kwa macho, aliyechelewa kukaa au kutembea, au asiyeitikia jina lake, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri aanze shule. Baadhi ya hali hutibika zikiwahiwa: mtoto wa jicho, nyayo zilizopinda, kichwa kikubwa. Hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani inafahamika kwa huduma za macho, nyayo zilizopinda na mazoezi ya viungo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili hutibu watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi.

2. *Tafuta cheti cha kuzaliwa.* Cheti cha ubatizo ni hazina ya imani, lakini hakichukui nafasi ya cheti kinachotolewa na RITA. Cheti kikichelewa, kadi ya kliniki na barua ya Serikali ya Mtaa husaidia kuanzia.

3. *Nenda shule ya umma iliyo karibu.* Fanya hivyo katika miezi ya mwisho wa mwaka, wakati wa uandikishaji wa Januari. Anza na darasa la awali, usisubiri mtoto awe mkubwa.

4. *Omba upimaji wa kielimu.* Upimaji huo hufanywa na wataalamu wa elimu maalumu, nao huonesha mtoto anahitaji shule maalumu, kitengo au darasa la kawaida. Chukua nakala ya ripoti na uitunze.

5. *Ukikataliwa, panda ngazi.* Kutoka kwa mwalimu mkuu nenda kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Afisa wa Elimu Maalumu wa manispaa. Afisa Ustawi wa Jamii husaidia pale ambapo mtoto amefichwa au ananyanyaswa. Nenda na mtu wa kukushuhudia, na uandike tarehe na majibu uliyopewa.

Umbali ndio ukuta

Sheria ni njema na mikakati ya Taifa ya elimu jumuishi imetungwa tangu mwaka 2009. Hata hivyo, haki iliyoandikwa haimpeleki mtoto shuleni asubuhi. Mama wa Chamazi mwenye mtoto wa miaka tisa asiyetembea huamka kabla ya alfajiri, humbeba mgongoni hadi kituoni, na hupitwa na daladala moja baada ya nyingine kwa kuwa kondakta hataki kuchelewa au hataki kiti mwendo. Akifika shuleni hawezi kurudi nyumbani na kwenda tena jioni, kwa kuwa nauli ya kufanya hivyo kila siku haipatikani. Kwa hiyo huketi chini ya mti hadi saa nane, na kazi yake ya kuuza maandazi au mboga inakufa. Baba, kama yupo, huanza kuuliza faida ya elimu ile. Wakati wa mvua za masika, njia za udongo hufunga kabisa. Baada ya muhula mmoja au miwili, mtoto hubaki nyumbani, na katika daftari la shule huandikwa mtoro.

Elimu bila ada haikuondoa gharama hizo. Na kwa mtoto wa kike mwenye ulemavu upo wasiwasi zaidi: safari ndefu na mikono ya watu wasiojulikana humweka katika hatari ya kudhalilishwa. Wazazi wanaomzuia binti yao wasilaumiwe kabla ya kusikilizwa. Wapatiwe mtu mwaminifu wa kumsindikiza.

Kwa sababu hiyo, katika maeneo yetu ombi la kwanza kwa viongozi wa manispaa na madiwani linapaswa kuwa vitengo zaidi katika shule za kata za pembezoni. Shule moja kubwa ya mbali hupendeza kuzinduliwa. Kitengo kidogo cha Mbagala au Bunju, chenye walimu wawili waliosomea kazi hiyo, kinaweza kuwafikia watoto ambao shule ile haitawaona kamwe.

Wajibu wa Jumuiya na parokia

Jumuiya Ndogo Ndogo inajua nyumba kwa nyumba kuliko ofisi yoyote. Viongozi wake waweza kufanya haya:

- Kuandika, kwa ridhaa ya wazazi na kwa kutunza siri, watoto wenye ulemavu wasiosoma, kisha kuwasindikiza wazazi hadi shuleni na manispaa.
- Kupanga zamu ya kumpeleka na kumrudisha mtoto, au kuchangia nauli ya bajaji kupitia Caritas ya parokia. WAWATA na UWAKA wanaweza kugawana juma kwa juma. Zamu hizo zipangwe kwa watu wawili wawili wanaofahamika na familia.
- Kuwahimiza walimu waamini wakasomee elimu maalumu, na vijana wa VIWAWA wajifunze Lugha ya Alama.
- Kukagua ngazi, vyoo na viti vya kanisa na vya shule ya awali ya parokia. Tusidai kwa Serikali kile ambacho sisi wenyewe hatujakifanya.

Katekesi isisahaulike. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 777, inamwagiza paroko ahakikishe kuwa mafundisho ya imani yanatolewa pia kwa wenye ulemavu wa mwili au wa akili, kadiri hali yao inavyoruhusu. Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 unakazia kwamba wasinyimwe sakramenti. Mtoto asiyeweza kukariri maswali na majibu anaweza kumjua Yesu katika Ekaristi kwa upendo unaoonekana machoni pake. Mtakatifu Fransisko wa Sale, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 24 Januari, alimfundisha imani kijana kiziwi kwa ishara, na kwa sababu hiyo viziwi humhesabu kuwa msimamizi wao.

Hitimisho

Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Kama katika Jumuiya yetu hatumfahamu hata mmoja, basi yawezekana yumo ndani ya nyumba ambayo mlango wake hatujaubisha. Uandikishaji wa Januari usitukute hatujaanza kumtafuta. Katika ibada ya Ubatizo, padre huweza kugusa masikio na kinywa cha mtoto akitamka neno la Bwana, Efatha, yaani funguka. Neno hilo wanaambiwa watoto wote bila ubaguzi, na wanaambiwa pia walimu, wazazi, viongozi na sisi tuliosimama kuwa mashahidi.